Vikao sita vya ushauri nasaha Mombasa: mshauri mzuri, kipeperushi kibaya

Tangu matatu niliyopanda igongwe kwa nyuma karibu na Daraja la Nyali mwaka jana, honi ilitosha kunipandisha mapigo ya moyo hata nikiwa kitandani. Baada ya miezi mitatu ya kwenda kazini kwa miguu kutoka Kongowea hadi Buxton, nilijiandikisha katika kituo kimoja cha ushauri nasaha mjini, ambacho sitakitaja jina kwa sababu pamoja na sifa nina lawama. Nilifanya vikao sita, kila kimoja saa nzima kwa shilingi 2,500.

Sifa zinamwendea mshauri. Hakuniambia nijikaze, neno ambalo majirani walikuwa wamenichosha nalo. Alichora ubongo kwenye karatasi, akanionyesha amigdala, sehemu ndogo yenye umbo la lozi iliyopo kila upande, kisha akaeleza kwamba habari za sauti huifikia kwa njia mbili: ya mkato, inayotoka moja kwa moja kwenye thalamasi, kituo cha ubongo kinachopokea habari za hisi, na ndefu zaidi, inayopitia kwanza gamba la ubongo, ambako sauti huchambuliwa. Ndiyo maana mwili hushtuka kabla mtu hajajua kilichomshtua. "Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," alisema, na kwa mara ya kwanza sikuisikia methali hiyo kama kejeli.

Nilimuuliza kama si heri kuishi bila amigdala. Akanisimulia habari za mwanamke wa Marekani anayejulikana kwa herufi S.M. tu, ambaye amigdala zake zote mbili ziliharibiwa na ugonjwa adimu. Nyoka na buibui hawamtishi, lakini amejikuta hatarini mara kadhaa kwa kutoiona hatari inapokuja. Na bado, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, alipovuta hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dioksidi, alishikwa na hofu kuu. Kumbe hofu haina makao mamoja.

Mazoezi yenyewe yalikwenda hatua kwa hatua: kuketi ndani ya matatu iliyosimama, kisha kuvuka daraja naye, kisha kuvuka peke yangu. Kufikia kikao cha sita nilikuwa naenda kazini kwa matatu.

Lawama yangu ni kipeperushi chao kinachoahidi "kufuta hofu." Hofu iliyofunzwa haifutwi. Mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov aliona jambo kama hilo kwa mbwa wake zaidi ya miaka 90 iliyopita: itiko walilofunzwa, la kudondosha mate kwa ishara ya chakula, lilirudi lenyewe baada ya mapumziko ingawa lilikwisha kuzimika. Kinachotokea ni kwamba sehemu ya mbele ya ubongo hujifunza kuizuia amigdala, na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, huyafungamanisha mafunzo hayo mapya na mahali yalipopatikana. Mazoezi yangu yote yalikuwa katika njia moja, kwa hiyo siku niliyopanda gari la Mtwapa jasho lilinitoka kama siku ya ajali, nikadhani fedha zangu zimepotea. Nilipopiga simu, karani wa mapokezi alinitaka nilipie vikao sita vingine. Mshauri ndiye aliyenipigia kesho yake, akanieleza haya yote na kuniongezea kikao kimoja tu, tulichokifanyia stendi ya Mtwapa. Angenieleza mapema.

Chumba cha kusubiria, ajabu, kina dirisha linaloelekea barabarani. Anayetaka kwenda achukue miadi ya asubuhi na mapema, honi zikiwa bado chache, na aombe mazoezi yafanyike katika njia zaidi ya moja tangu kikao cha tatu.