Oveni ni nzuri, fundi wa duka ndiye aliyenikata maini

Nilitaka niandike kwamba hizi oveni za umeme zenye paneli ya vitufe msinunue kabisa. Nimetulia kidogo, sasa nasema nunueni, ila angalieni mnanunua kwa nani.

Mimi napika keki na mikate ya oda hapa Mbeya. Anayepika huku anajua shida yetu. Tupo juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, keki inaumuka haraka na joto likiyumba inabonyea katikati. Ndiyo maana niliachana na mkaa. Na oveni ilinipikia vizuri, rangi moja pande zote, hata mwezi wa sita baridi ikiwa imekaza.

Mvua zilipoanza, umeme ukawa wa kukatika na kurudi, kukatika na kurudi. Siku moja nina keki ya kipaimara, unga umeshamiminwa kwenye trei, nawasha: feni inazunguka, taa ya ndani inawaka, joto hakuna. Kila inapotaka kuwasha koili, nyuma ya paneli kunalia ta-ta-ta-ta, namba za saa zinafifia mpaka karibu zipotee, kisha inarudi 0:00 na kuanza kupepesa. Wenye oveni za aina hii mnajua, umeme ukikatika saa inaanza sifuri na nyingi hazipashi mpaka uiweke upya. Nikaiweka. Nikachagua nyuzi 180. Ta-ta-ta-ta, sifuri tena. Nikazima breka, nikaiacha ipumzike, nikawasha. Vilevile. Keki ya watu ikaishia kwenye mkaa wa jirani, ikabonyea, na sehemu ya hela nikairudisha.

Nikapiga simu dukani, maana waranti ilikuwa haijaisha. Wakasema fundi anakuja, ila nauli ni juu yangu. Haya.

Huyo fundi sasa. Aliingia na viatu vya tope mpaka katikati ya jiko ninalopikia chakula cha watu. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pale pale, mtu mzima, hakupewa hata shikamoo. Nikaanza kumweleza ile sauti na zile namba zinavyofifia. Akabonyeza vitufe, akatoa simu, akaanza kuchati huku mimi naongea. Kisha akasema: "Bodi imeungua. Mpya ni 280,000, tunaagiza Dar." Nikamuuliza, sasa hufungui uone? Akanijibu, na mama mkwe anasikia: "Mama, wewe kazi yako kupika. Haya ya umeme hata nikikueleza huwezi kuelewa." Nikauliza waranti. "Waranti haihusu umeme kukatika." Akapokea nauli yake akaondoka. Bisibisi haikutoka kwenye begi! Mtu anatangaza bodi imeungua na kifuniko hajakigusa!

Shemeji yangu akanipeleka kwa mzee mmoja wa Mwanjelwa anayetengeneza redio. Huyo kwanza alinisikiliza. Akauliza namba zinafifia kabla ya ile sauti au pamoja nayo. Nikasema pamoja. Akaja, akazima breka, akafungua, akatoa chaji iliyobaki kwenye bodi kabla ya kuigusa, kisha akanionyesha kijisanduku kidogo cha njano. Kapasita. Kwenye bodi kama ile ndiyo inayopunguza umeme wa volti 230 uwe mdogo wa kutosha vitufe na saa. Umeme ukirudi kwa kishindo unaila ndani kidogo kidogo, kwa nje huoni hata alama ya moshi. Ikishachoka, umeme unaobaki unatosha kuwasha namba tu. Rilei, yaani swichi ndogo inayowasha koili, ikitaka wake, umeme unaanguka, rilei inashika na kuachia, inashika na kuachia. Ndiyo ile ta-ta-ta-ta. Juu ya ile kapasita paliandikwa mikrofaradi 0.47, ndicho kipimo cha uwezo wake, mita ikasoma 0.12. Akaweka nyingine ya kiwango kile kile, yenye alama ya X2 na 275 volti, akasisitiza isiwekwe yoyote tu ya redio kwa sababu hii ya oveni inakaa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba. Kifaa pamoja na kazi yake havikufika hata nauli niliyomlipa yule kijana.

Mimi niliyeambiwa siwezi kuelewa nimewaeleza hapa na mmeelewa.

Lile duka nilitaka nilipe nyota tatu, maana dada wa kaunta ana lugha nzuri na mzigo waliniletea siku waliyoahidi. Ila nilirudi na ile kapasita mbovu nimeifunga kwenye karatasi, nikamwekea meneja mezani, akasema fundi wao ana cheti. Hakuifungua ile karatasi. Kwa hiyo hapana, nyota moja, na hiyo moja ni ya huyo dada. Oveni naipikia mpaka leo na sina neno nayo. Ikiharibika nitanunua nyingine ya aina hii hii, hata kama itabidi niifuate Iringa. Na nauli yangu bado naidai.