Ramani ya Ukutani ya Afrika na Kisanduku Chake Kuhusu Jina la Bara: Tathmini ya Mnunuzi wa Mtwara

Ramani ya ukutani ya Afrika yenye maelezo ya Kiswahili pembeni imekuwa ikiuzwa katika baadhi ya maduka ya steshenari mjini Mtwara tangu msimu wa korosho uliopita, na kwa kuwa walimu wenzangu wa somo la historia, hapa na Lindi, wamekuwa wakiniuliza kama inastahili kununuliwa kwa fedha za shule, nimeona ni vyema niwajibu kwa maandishi. Ya kwangu niliinunua kwa shilingi 28,000, bei ambayo muuzaji hakukubali kuipunguza hata nilipomweleza kuwa inakwenda darasani.

Kama kifaa cha kutundika, sina malalamiko makubwa. Karatasi yake imefunikwa kwa plastiki pande zote mbili, jambo lenye maana katika mji wa pwani ambako karatasi tupu hujikunja na kuota madoa ya ukungu kabla muhula haujaisha, na vijiti vya mbao vilivyopigiliwa juu na chini vinaifanya inyooke ukutani. Mipaka ni ya sasa: Sudan Kusini ipo, na Eswatini imeandikwa kwa jina lake jipya. Mto Ruvuma umechorwa vizuri hadi unapomwaga maji baharini, na Mtwara na Lindi zimekaa mahali pake. Kilwa Kisiwani haikuonyeshwa kabisa, na nitaeleza baadaye kwa nini kuiacha kunaigharimu ramani hii kuliko mchapishaji alivyodhani.

Kilichonifanya niinunue, na ndicho kilichonisukuma kuandika, ni kisanduku cha maelezo kilichowekwa chini kushoto, juu ya Bahari ya Atlantiki, chenye kichwa kinachouliza jina Afrika limetoka wapi. Ni nadra kuona ramani ya shule ikigusa swali hilo, na nadra zaidi kuona ikikiri kwamba wataalamu hawajakubaliana. Kisanduku kinataja maelezo kadhaa, na karibu yote ni ya kweli kwa maana kwamba kuna watu mashuhuri waliowahi kuyatoa. Kasoro ni kwamba yamepangwa kama mafungu ya nyanya sokoni, kila moja sawa na jingine, bila kumwambia mwanafunzi ni lipi lina ushahidi na lipi ni kisa kilichotungwa baada ya jina kuwepo.

Maelezo yenye uzito zaidi yamepewa mstari mmoja tu. Warumi waliwaita Afri watu waliokaa jirani na mji wa kale wa Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, na mtu mmoja wao aliitwa Afer. Ndiyo maana mwandishi wa tamthilia Terentius, ambaye kwa mapokeo alipelekwa Roma akiwa mtumwa kutoka huko na akafariki mwaka 159 KK, anajulikana kwa jina la Publius Terentius Afer. Nchi ya Afri ikawa Africa. Jemadari wa Kirumi Scipio alipomshinda Hannibal, jemadari wa Karthago, huko Zama mwaka 202 KK alipewa heshima ya kuitwa Africanus, na Karthago ilipoteketezwa mwaka 146 KK eneo lililoizunguka likafanywa jimbo la Kirumi lenye jina hilohilo. Hadi hapo hakuna ubishi wa maana. Ubishi unaanza pale mtu anapouliza hao Afri nao walipataje jina lao, na hapo wengine huelekeza kwenye neno la Kiberberi ifri, yaani pango, na wengine kwenye neno la lugha ya Wafoinike, walioijenga Karthago, lenye maana ya vumbi. Binafsi naona hoja ya Kiberberi ina nguvu zaidi, kwa sababu inawatafuta wenyeji katika lugha ya wenyeji na kwa sababu ukoo wa Kiberberi wa Banu Ifran, wenye jina linalokaribiana na neno hilo, ulikuja kujulikana katika historia ya Afrika Kaskazini, lakini sitamgombeza mwalimu atakayeegemea upande mwingine.

Maelezo mengine kwenye kisanduku yangepaswa kuwekwa safu ya nyuma. Yapo ya Kigiriki yasemayo kwamba jina lina maana ya mahali pasipo baridi. Ni mazuri kusikia, ila Wagiriki wenyewe, akiwemo mwanahistoria Herodotus katika karne ya 5 KK, bara hili waliliita Libya. Yapo ya Kilatini, yanayopatikana kwa askofu Isidore wa Seville aliyefariki mwaka 636, yanayolihusisha jina na neno aprica, penye jua, ingawa ni vigumu kueleza kwa nini Warumi waliharibu matamshi ya neno lao wenyewe. Na yapo ya mwanahistoria Myahudi Josephus, wa karne ya 1, aliyemtaja mjukuu wa Ibrahimu kwa Ketura, yule anayeitwa Eferi katika Kitabu cha Mwanzo, kuwa uzao wake uliiteka Libya na kuiachia jina lake. Mwanafunzi atayafurahia yote matatu, na hakuna ubaya, mradi ajue kwamba waandishi hawa walikuwa wakilifafanua jina walilokwisha kulikuta.

Maelezo ya Kiarabu ndiyo yanayomnasa msomaji wa Kiswahili, na mchapishaji bila shaka alilijua hilo, maana ameyaandika kwa herufi nene. Al-Hasan al-Wazzan, mzaliwa wa Granada aliyetekwa baharini mwaka 1518 na kupelekwa kwa Papa Leo X, na ambaye Ulaya ilimfahamu kwa jina la Leo Africanus, aliandika katika kitabu chake kilichochapwa Venice mwaka 1550 kwamba jina linatokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kutenga, kwa kuwa bara hili limetengwa na Ulaya kwa bahari na kutengwa na Asia kwa Mto Nile. Sisi tuliokua na maneno kama faraka na farakana tunaisikia hoja hiyo na kutikisa kichwa kukubali kabla hatujaipima. Ukiipima haisimami: Kairouan, mji wa Waarabu katika nchi ambayo leo ni Tunisia, ulianzishwa mwaka 670, wakati Warumi walikuwa wakilitumia jina kwa zaidi ya miaka mia nane. Ifrikiya, jina ambalo Waarabu waliliita eneo hilo, ni Africa ya Warumi iliyopita katika ulimi mwingine.

Sasa nije kwenye kosa ninaloliona kubwa. Juu kabisa ya kisanduku, kwa rangi nyekundu, imeandikwa kwamba jina halisi la bara ni Alkebulan, na kwamba mataifa yote ya kale yalilitumia. Madai haya yanasambazwa sana kwenye simu, na naelewa yanavyopendeza mtu aliyechoka kuambiwa kuwa kila chake kilipewa jina na mgeni. Lakini hakuna maandishi ya kale yanayofahamika yenye jina hilo, na ni ajabu kufikiri kwamba Wanubi, Waethiopia na watu wa Karthago, waliosema lugha tofauti na kuishi mbali mbali, waliafikiana juu ya jina moja la bara ambalo hakuna hata mmoja wao aliyejua linaishia wapi. Ramani si mahali pa kubahatisha, kwa maana jina likishachapwa humo ni vigumu kulifuta. Jina Amerika lilichapwa katika ramani ya Martin Waldseemüller mwaka 1507; yeye mwenyewe aliliacha katika ramani yake ya mwaka 1513, na tayari lilikuwa limekwisha shika.

Hapa ndipo ninapoikumbuka Kilwa. Msafiri Ibn Battuta aliondoka kwao Tangier, Morocco, mwaka 1325, akapita Tunis, mji mkuu wa Ifrikiya, na mwaka 1331 akafika Kilwa, akapokelewa katika mji wa Sultani al-Hasan bin Suleiman. Katika masimulizi ya safari yake pwani hii ni nchi ya Sawahili na ya Zanj, jina ambalo Waarabu waliwaita watu weusi wa pwani hii, wala haimo ndani ya Ifrikiya. Kwa msafiri aliyezikanyaga zote mbili, hizo zilikuwa nchi mbili zenye majina mawili. Laiti mchapishaji angeweka alama mbili tu, moja Tunis na nyingine Kilwa, akaandika chini yake kila moja iliitwaje wakati ule, mtoto wa Kilwa Masoko au wa Mikindani angeona kwa macho jinsi jina la kipande kidogo cha kaskazini lilivyokuja kuenea hadi kwenye mikoko ya kwao. Badala yake nafasi hiyo imejazwa picha ya simba.

Kwa hiyo ushauri wangu hutegemea mnunuzi. Mwalimu wa jiografia anayetaka mipaka, mito na miji mikuu ainunue bila wasiwasi, ingawa anaweza kupata ramani isiyo na kisanduku, ya ukubwa uleule, kwa shilingi 20,000. Mwalimu wa historia wa vidato vya juu atapata humo somo zuri akiwapa wanafunzi kazi ya kuyapanga maelezo kwa umri wa ushahidi wake. Mimi nimefanya hivyo, na mabishano yalikuwa makali kuliko nilivyotarajia, hasa kuhusu Alkebulan. Kwa shule ya msingi, ambako mtoto hunakili kilicho ukutani kama kilivyo, siipendekezi mpaka ule mstari mwekundu uondolewe. Muuzaji aliniambia kwamba mzigo mwingine unakuja kutoka Dar es Salaam. Atakayeununua auangalie kwanza upande wa kushoto chini kabla ya kulipa.