Bendera ya jeneza: tumekipima kifurushi cha "heshima ya taifa", nyota mbili kati ya tano

Kuna karakana ya majeneza mjini Dodoma (jina tunaliacha) inayouza kifurushi inachokiita "heshima ya taifa": bendera ya kufunika jeneza, mto wa kofia na medali na, kwa anayetaka, kitambaa cha mabaka cha kutandika ndani. Wanalengwa wafiwa wa askari wastaafu na watumishi wa serikali. Picha waliyonayo wengi vichwani ni ile ya Machi 2021, jeneza la Rais Magufuli Uwanja wa Jamhuri, bendera juu yake. Ile ilikuwa shughuli ya dola. Hii ni bidhaa ya dukani, na kasoro zake zinaonekana pale inapofika mlangoni mwa kanisa.

Vipimo kwanza. Jeneza la mtu mzima ni kama sentimita 200 urefu, 60 upana wa mabegani na 45 kimo likiwa na kifuniko. Bendera yetu ina uwiano wa 2 kwa 3. Inayolikaa jeneza hilo ni ya 150 kwa 225: ubavuni inashuka 45, sawasawa na kimo, na kichwani na miguuni inazidi kama 12. Ya 180 kwa 270 ni kubwa mno, inaburuza udongo. Ya karakana ni 120 kwa 180, saizi ya mlingoti wa ofisi, kwa hiyo sentimita 20 za mbao zinabaki wazi. Fundi huziba kwa kuunga kipande cheusi miguuni. Kikataeni, hiyo si bendera tena.

Kitambaa ni satini iliyochapwa upande mmoja, nayo inateleza juu ya vanishi. Kwa upepo wa Dodoma wa Juni hadi Agosti haitulii juu ya pikapu, ndiyo maana karakana inaigonga kwa pini za stepla kwenye kifuniko. Hapa ndipo nyota zinapokatika. Bendera ya jeneza lazima itoke, na itoke upesi.

Kanisani jeneza lina vazi lake: kitambaa cheupe kinachokumbusha ubatizo, kwa Wakatoliki na kwa Waanglikana wengi. Kitabu cha mazishi cha Wakatoliki wa Marekani kinasema wazi kwamba bendera iondolewe mlangoni, irudishwe jeneza likishatoka. Sisi tunaona ni utaratibu mzuri hata huku kwetu: ndani ya ibada jenerali na mkulima wanafunikwa sawa. Watu wanne, wawili kila upande, wanakunja bendera kuelekea katikati, kisha kitambaa cheupe kinatandazwa. Ni kazi ya dakika moja. Kwa bendera iliyogongwa stepla, mchungaji anasubiri mtu atafute koleo, na satini inachanika.

Kwa Waislamu stepla haina hata pa kugonga, maana jeneza mara nyingi ni la msikiti, la chuma, na linarudi msikitini. Maiti anashushwa na sanda yake tu. Bendera, kama imamu ameikubali (muulizeni mapema, si makaburini), ifunike jeneza njiani na iondolewe kabla ya sala. Sala ya maiti ni takbira nne za kusimama, haina rukuu wala sijida. Saluti na tarumbeta visiingizwe katikati yake. Na kwa dini yoyote, bendera haiingii kaburini.

Badala ya stepla, tumieni lastiki mbili za upana wa sentimita 3 zinazopita chini ya jeneza, moja usawa wa kifua, nyingine magotini, zikiwa na ndoana.

Namna ya kutandika, ambayo karakana haimwelezi mteja: upande wa mlingoti uwe kichwani, kijani bega la kushoto la marehemu, buluu mguu wa kulia. Mkanda mweusi utatoka bega la kulia kwenda mguu wa kushoto. Kijani ikiangukia bega la kulia, mmegeuza ndani nje, na kwa chapa ya upande mmoja rangi zitaonekana zimefifia.

Kitambaa cha mabaka msikiguse. Agosti 2023 JWTZ, jeshi la Tanzania, iliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo; kuyatandika jenezani ni kujitafutia maswali siku ya msiba. Marehemu akistahili heshima za kijeshi, jeshi huja na bendera yake na gwaride lake, na kifurushi chote kinakuwa hela iliyopotea. Asipostahili, Sheria ya Nembo za Taifa ndiyo inayotawala matumizi ya bendera, si risiti ya fundi.

Mto ni mzuri, velveti nyekundu yenye mshono imara. Kitufe cha katikati kikateni tu, pini za medali zinagota hapo.