Dawa ya kifua niliyoilaumu bure, kumbe kosa lilikuwa kwenye bahasha

Naandika nikiwa bado nina hasira, mtanivumilia. Kama na wewe umepewa aisosobaidi mononitrati, vile vidonge vya miligramu 20 vya kuzuia kifua kisibane kwa sababu ya moyo, hebu chukua bahasha yako kwanza uangalie imeandikwaje. Yangu iliandikwa kwa peni ya buluu, 1x2, yaani kimoja mara mbili kwa siku, basi, na dada wa dirisha la dawa akaongezea kwa mdomo "asubuhi na usiku mzee, kila baada ya masaa 12".

Siku za mwanzo kichwa kiliniuma jamani, kama kuna mtu anagonga nyundo humo ndani. Daktari alishanionya, dawa inalegeza mishipa ya damu na ya kichwani imo, kwa hiyo nikawa nameza parasetamo navumilia mpaka kikaacha chenyewe. Na kifua kikatulia. Nilikuwa namsifia kila mtu hii dawa.

Halafu sijui ilikuwa wiki ya ngapi, kifua kikaanza tena. Nakumbuka nilikuwa kwenye ngazi, sijafika hata katikati, nimeng'ang'ania kile chuma cha pembeni, kifuani kumekaa kitu kizito kama gunia na maumivu yanapanda mpaka kwenye taya, watu wananipita tu, nikapapasa mfukoni nikatoa kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi nikakaa pale pale chini nasubiri. Siku hiyo nikasema hii dawa ni feki, nimeibiwa.

Nikarudi dirishani. Niliuliza kwa adabu kabisa, mwanangu mbona dawa imeacha kufanya kazi, labda naimeza vibaya? Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mzee, meza kama ilivyoandikwa, sisi ndio tuliosomea." Foleni nzima inasikia. Nimetoka pale mikono inatetemeka na nusura niache kumeza kabisa, na kumbe kuiacha ghafla nako ni hatari, kifua kinaweza kurudi kwa nguvu zaidi.

Daktari alipoiona ile bahasha akanyamaza kwanza. Akaniambia mwili ukikaa na hii dawa usiku na mchana unaizoea, unameza lakini ni kama hujameza, ndio maana kila siku lazima kuwe na masaa kama 10 mpaka 14 ambayo dawa imepungua mwilini. Akanipa mfano wa watu wa viwanda vya baruti zamani, walikuwa wanavuta hewa ya nitrogliserini, ndugu wa dawa hii, Jumatatu vichwa vinawauma, kadiri wiki inavyoenda wanazoea, wakipumzika wikiendi Jumatatu vinauma upya. Nikaelewa pale pale! Kwa hiyo changu ni saa mbili asubuhi na cha pili saa tisa alasiri, basi mpaka kesho. Wale wa kidonge kinachoyeyuka polepole wanameza mara moja tu asubuhi bila kukitafuna, na wale wa kiraka cha nitrogliserini cha kubandika kwenye ngozi wanakibandua usiku.

Nimefuata hivyo na ngazi zile zile sasa napanda, polepole lakini napanda. Kwa hiyo dawa ni nzuri, naifuta kauli yangu ya feki. Ila nzuri kwa kiasi chake, maana inazuia maumivu tu, haizibui mishipa ya moyo, na ukiwa umeshabanwa usiitegemee hii, hapo ni ile ya chini ya ulimi. Nikiinuka haraka kitandani bado naona kizunguzungu. Na zile dawa za nguvu za kiume hazitakiwi kabisa kukutana na hii, presha inaporomoka mtu anaweza kufa, sasa niambieni dirishani kuna aliyeniuliza kama natumia? Hakuna! Hata neno moja!

Nilishaanza kumsamehe yule binti, nikasema labda alichoka, foleni ile ni ndefu kweli. Juzi juzi nimeenda kuchukua dozi nyingine, yeye yule yule, bahasha ile ile, 1x2. Nimemrudishia nikamwambia mwanangu andika saa, saa mbili na saa tisa, sitoki hapa mpaka uandike. Ameandika. Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja na bahasha yake mkononi, nikamwomba anionyeshe, na yake 1x2.