Vitambaa vya kupimia rangi: vyenyewe safi, karatasi yake sasa!

Haya jamani, karibuni. Mlichokuwa mnanisumbua nacho kwenye komenti hiki hapa: vitambaa vya kupimia rangi, vile vya kujua rangi zipi zinakupendeza usoni, yaani wewe ni mtu wa machipuko, kiangazi, vuli au kipupwe (makundi ya rangi yamepewa majina ya misimu). Viko vingapi, vina ukubwa gani, someni kwenye maelezo chini ya video, tusipoteze muda.

Twende dirishani. Taa ya duara nimeizima, ile humpendezesha kila mtu. Sina hata poda. Rasta zangu nyekundu nimezifunika, zisije zikadanganya.

Sasa hii nyekundu ina uchungwa ndani. Naiweka chini ya kidevu. Msiangalie kitambaa! Angalieni pembeni mwa mdomo na chini ya macho. Mmeona weusi ulivyotulia? Natoa. Naweka hii yenye ubluu, inayokaribia damu ya mzee. Ngoja nisogelee kamera. Midomo imepauka, na hivi vivuli vya puani vimejichora, utadhani nimetoka kulia. Mtu yuleyule, mwanga uleule! Narudisha ya kwanza... natoa... narudisha. Hapo tu, hela yangu imerudi. Lipstiki zangu za pinki ya baridi nagawa leoleo, mdogo wangu kashaanza kuchagua.

Ila hii karatasi ya maelekezo, loh! Weusi wote imetupanga kundi moja, kipupwe: vaa nyeusi, nyeupe kali, bluu iliyokolea, basi. Hayo ni mambo ya vitabu vya Marekani vya miaka ya 1980, enzi za makundi manne. Siku hizi kuna makundi 12, na yanauliza vitu vitatu: rangi zako zina ujoto au ubaridi, zimekolea au ni nyepesi, zinawaka au zimefifia. Mimi mweusi tii, nimeangukia vuli iliyokolea: haradali, kutu, kijani cha jeshi. Mdogo wangu, maji ya kunde, ndiye kapata kipupwe. Karatasi ingetuvalisha sare!

Na mnaoniambia nitumie filta ya simu: filta mara nyingi inakung'arisha uso kwanza ndiyo ikupime. Sasa inampima nani?

Kabla sijasahau, Jumamosi usiku tuko mubashara, tunachagua faundesheni.

Bei, elfu themanini na tano, usafiri juu yako. Kwa vipande visivyopigwa hata pindo! Kama unapamba maharusi na kila wiki unabishana na wateja, nunua, kitambaa kitakusemea. Wewe unayetafuta dera la Idi, pita kwa fundi wako uombe mabaki: nyekundu mbili, pinki mbili, nyeupe kali na ile ya maziwa. Zinatosha kabisa kuanzia. Nilitaka kukipa kifurushi nane kwa kumi, nimekumbuka karatasi, nakipa sita.

Andikeni nani nimpime Jumamosi. Asije na poda, nitamnawisha.