Chromebook ya kuweka Linux: kabla hujatoa hela, washa hotspoti ya simu yako

Mwezi jana nilipigwa, na hasira bado hazijapoa.

Nilitaka Chromebook, laptop inayokuja na ChromeOS, mfumo wa Google, niitoe hiyo niweke Linux, mfumo mwingine wa bure. Ilikuwa duka moja hapa Arusha mjini. Kijana akaiwasha, skrini safi, kibodi haina hata herufi iliyofutika. "Dada yangu, mzigo wa Marekani huo." Nikahesabu laki mbili na themanini. Kufika Njiro, naiunganisha na waifai, inaniambia ni mali ya shule fulani huko Marekani, niingie kwa akaunti ya shule. Nikaifuta yote. Ikarudi palepale. Modi ya divelopa, ambayo ndiyo mlango wa kuwekea Linux, nayo imefungwa.

Kumbe shule za kule husajili Chromebook zao kwa Google. Zikichakaa zinauzwa, na mtu akisahau kuzitoa kwenye usajili, hata uifute mara kumi, ikipata intaneti tu inamkumbuka mwenyewe. Bila intaneti haisemi kitu. Ndiyo maana dukani, ambako "waifai leo inasumbua", kila mashine ni nzima.

Kwa hiyo nenda na bando. Kwenye skrini ya kuingilia bonyeza Ctrl+Alt+Shift+R, ifute, iunganishe na simu yako, subiri. Ikikubali Gmail ya kawaida, endelea: Esc, kitufe cha kuonyesha upya na cha kuwashia kwa pamoja, halafu Ctrl+D. Ikikataa kuingia modi ya divelopa, mrudishie mwenyewe. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Sasa za kununua. Mimi ni mtu wa Acer na sifichi. Namba moja ni C740 ya mwaka 2015, yenye RAM ya GB 4. Ya GB 2 iache, kwa sababu RAM imechomelewa. SSD yake inachomoka, unaweka kubwa unayotaka. Kinga ya femwea, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine, ni skrubu moja tu kwenye bodi: unaitoa, unaweka femwea ya MrChromebox, jamaa anayetoa femwea mbadala za Chromebook, unaingiza Linux kama kompyuta yoyote. Ila ilitengenezwa kwa ajili ya shule, kwa hiyo kipimo cha hotspoti usikiruke hata kidogo.

Ya pili ni Dell Chromebook 13, ile 7310. Kioo kikubwa na SSD inabadilishika, lakini kuipata ni bahati.

Ya tatu, Lenovo 300e kizazi cha pili. Hapa fungua macho: ipo ya Intel, ya AMD na ya MediaTek, na kwa nje huwezi kuzitofautisha haraka. Ya MediaTek ni ARM, aina tofauti ya chipu, femwea ya MrChromebox haiikubali. Hata ya Intel, spika zinaweza kugoma mpaka uhangaike na skripti.

Zile za laki na kidogo zenye RAM ya GB 2? Mnunulie adui yako.

Najua, tangu 2018 Google wameruhusu Linux ndani ya ChromeOS yenyewe. Ukiwa na GB 4 utagawana RAM na mwenye nyumba. Siitaki.

Juzi nimeikuta C740 Moshi, laki mbili na ishirini. Nikatoa simu, nikaipima, ikapita. Kugeuka, imekuwa laki mbili na sabini. "Dada, kumbe wewe ni mtaalamu, basi thamani yake unaijua."