Huduma ya kupunguza uzito kwa upasuaji: maandalizi mazuri, ufuatiliaji hafifu

Imetimia miezi 22 tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito, na nimeuacha muda huo wote upite kwa makusudi kabla ya kuandika tathmini hii. Huduma ya namna hii haipimwi siku mgonjwa anapotoka wodini, kwa maana siku hiyo karibu kila mtu humsifu daktari wake. Hupimwa mwaka mmoja baadaye, mgonjwa akiwa peke yake mezani, akijaribu kukumbuka alichofundishwa. Hospitali sitaitaja. Nitaeleza nilichokilipia, nilichokipata na nilichokikosa, ili anayefikiria njia hii ajue cha kuuliza kabla ya kutia sahihi.

Nilichouziwa kilikuwa kifurushi kimoja chenye sehemu tatu: maandalizi, upasuaji wenyewe, na ufuatiliaji wa mwaka mzima. Niliingia nikiwa na kilo 131 kwa urefu wa meta 1.66, pamoja na shinikizo la damu na kisukari cha aina ya pili. Uwiano wangu wa uzito na urefu (BMI, yaani kilo zikigawanywa kwa urefu wa meta uliozidishwa kwa wenyewe) ulikuwa 47 na ushei. Kigezo kilichotumika kwa miaka mingi, kilichowekwa Marekani mwaka 1991, kilikuwa 40, au 35 kwa mtu mwenye maradhi yanayoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilikishusha hadi 35 hata kwa asiye na maradhi mengine, na vikaruhusu mwenye 30 na kuendelea afikiriwe iwapo ana ugonjwa kama kisukari. Kwa hiyo sikuwa mgonjwa wa kubishaniwa. Hata hivyo hawakunipa tarehe siku ile ile, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalowapongeza.

Kwa miezi mitatu nilikuwa mikononi mwa mtaalamu wa lishe, na kama ningeambiwa nilipie sehemu moja tu ya kifurushi kile, ningelipia hiyo. Alinitaka niandike kila nilichokitia mdomoni, saa niliyokila, na hali niliyokuwa nayo moyoni wakati huo. Nilitarajia anikemee kwa wingi wa chakula, lakini kalamu yake nyekundu ilipita chini ya saa. "Dada, mchana kutwa huli kitu," aliniambia, "halafu usiku unalipa deni lote kwa mkupuo." Hakuna aliyewahi kunieleza unene wangu kwa lugha hiyo, isiyo na tusi wala huruma ya kupaka mafuta. Tangu siku hiyo tulianza mazoezi ambayo wakati ule niliyaona ya kitoto: kutumia kijiko kidogo, kutafuna tonge moja mara 20 au zaidi, kuweka kijiko chini kati ya tonge na tonge, na kutokunywa chochote wakati wa kula wala katika nusu saa inayofuata. Mwanasaikolojia naye alinihoji mara mbili, si kwa kunishuku wazimu, bali kwa kutaka kujua chakula kilikuwa kikinifanyia kazi gani nyingine zaidi ya kushibisha.

Kisha zikaja wiki mbili za mlo mkali kabla ya kisu, na hapa ndipo wagonjwa wengi hudanganya, kwa kuwa hudhani ni adhabu au mtihani wa utiifu. Sababu yake ni ya kitabibu kabisa. Ini la mtu mnene mara nyingi huwa limejaa mafuta, na pande lake la kushoto hulala juu ya mfuko wa tumbo. Daktari anayefanya kazi kupitia matundu madogo sharti aliinue ini hilo ndipo aufikie mfuko. Likiwa kubwa humziba macho, na likiguswa vibaya hutoka damu kwa urahisi. Mlo wenye wanga kidogo, wa kalori kati ya 800 na 1000 kwa siku, humaliza akiba ya sukari iliyohifadhiwa ndani ya ini pamoja na maji yanayoambatana nayo, na mafuta nayo huanza kupungua, hata likasinyaa kwa kiasi cha kumrahisishia daktari kazi. Nilipoelezwa hivyo, kwa mchoro, niliweza kuvumilia. Siku ya tatu kichwa kiliniuma na nikamkasirikia kila aliyepita mbele yangu; kufikia siku ya sita mwili ulikuwa umetulia. Jambo lililonipa imani zaidi ni kwamba dawa zangu za kisukari zilipunguzwa kabla mlo haujaanza, kwa kuwa mtu anayekata wanga ghafla huku akiendelea na dozi ya zamani anaweza kuanguka kwa sababu sukari ya damu imeshuka mno. Mgonjwa yeyote mwenye kisukari asikubali kuanza mlo huo bila mazungumzo hayo.

Kuhusu upasuaji wenyewe sina mengi ya kusema, kwa sababu nilikuwa nimelala. Waliondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa tumbo na kuacha mrija mwembamba, bila kuugusa utumbo. Jioni hiyo hiyo nilisimamishwa nitembee ili damu isigande miguuni, na siku ya tatu nilikuwa nyumbani nikiwa na vidonda vidogo vitano.

Maisha mapya yalianzia kwenye kikombe cha mililita 30. Wiki mbili za kwanza zilikuwa za vinywaji tu, vyepesi kwanza na kisha vizito vyenye protini. Zikafuata wiki za vyakula vilivyosagwa, kisha vyakula laini, na karibu na wiki ya nane nikaruhusiwa kula chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo. Kilichonishangaza si kushiba upesi, maana hilo nilikuwa nimeonywa, bali ni kutosikia njaa kabisa. Sehemu ya tumbo inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya kuamsha njaa, na kwa miezi kadhaa nilikula kwa kutazama saa, kama mtu anayemeza dawa. Lengo lilikuwa gramu 60 hadi 80 za protini na angalau lita moja na nusu ya maji kila siku. Yaliyo rahisi kuyaandika yalinichosha kuyatekeleza, kwa sababu mtu asiyeweza kupiga funda kubwa, tena aliyekatazwa kuchanganya maji na chakula, hushinda ameshika chupa mkononi tangu alfajiri hadi usiku. Mayai, samaki na maziwa ya mgando ndivyo vilivyonivusha. Nyama kavu ilinikwama mara mbili kifuani kwa kosa langu la haraka, na maumivu yake yalinifundisha kutafuna kuliko mafunzo yote ya miezi mitatu.

Hapa naanza kulalamika. Kijitabu nilichopewa wakati wa kutoka kilikuwa kimoja kwa wagonjwa wote, ilhali jirani yangu wodini alikuwa amefanyiwa upasuaji tofauti, ule wa kutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Mtu wa namna hiyo akila vitu vitamu anaweza, ndani ya nusu saa, kupata mapigo ya moyo ya kasi, jasho, tumbo kukata na kuhara, kwa kuwa sukari humwagika utumboni kwa ghafla. Na saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu inaweza kushuka akatetemeka. Kwa aliyekatwa tumbo kama mimi jambo hilo hutokea mara chache zaidi, lakini mimi nina hatari yangu: kiungulia, ambacho upasuaji wangu unaweza kukianzisha au kukizidisha. Kijitabu kilinitisha kwa kurasa mbili kuhusu lile la jirani, na kikakigusia kiungulia kwa mstari mmoja. Nilikuwa nacho hata kabla ya upasuaji, na sikumbuki kuulizwa juu yake kwa uzito unaostahili, ingawa ni moja ya mambo yanayopaswa kuamua ni upasuaji upi afanyiwe nani. Leo nalala kwa mito mitatu.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la vidonge. Kijitabu kilisema, "Tumia vitamini na madini yako kila siku," na kikaishia hapo. Nikavimeza vyote kwa pamoja kila asubuhi, nikijiona mtiifu. Katika mwezi wa tisa nilianza kuhema nikipanda ngazi, wakati ambapo, kwa kilo nilizokuwa nimepoteza, nilipaswa kuzipanda nikiimba. Vipimo nilivyofanya kwingine vilionyesha upungufu wa damu. Hapo ndipo nilipoelezwa kwamba kalsiamu huzuia madini ya chuma kufyonzwa na kwamba viwili hivyo vinapaswa kupishana kwa angalau saa mbili. Kwamba kalsiamu yenyewe, miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku, hugawanywa mara mbili au tatu kwa kuwa mwili haufyonzi zaidi ya 600 au hivi kwa wakati mmoja. Kwamba aina ya sitreti inafaa zaidi kuliko kaboneti, kwa sababu haihitaji asidi nyingi ya tumbo. Na kwamba mwanamke anayepata hedhi huhitaji miligramu 45 hadi 60 za chuma kila siku. Vitamini B12 nayo hutegemea tumbo ili ifyonzwe, na akiba yake huisha polepole kiasi kwamba mtu anaweza kujiona mzima kwa muda mrefu huku akielekea kwenye ganzi ya miguu. Maelezo yote hayo yangeenea nusu ukurasa. Waliokuwa na subira ya kunichorea ini walikosa nusu ukurasa wa kunieleza vidonge nitakavyovimeza hadi kufa kwangu.

Mengine walinionya vizuri, na yalipokuja hayakunitisha. Nywele zilidondoka kwa mafungu kuanzia mwezi wa nne, kisha zikarudi. Nilipewa dawa ya miezi sita ya kuzuia mawe kwenye kifuko cha nyongo, ambayo hujitokeza mara kwa mara kwa watu wanaopungua kwa kasi. Niliambiwa nisishike mimba kabla ya miezi 12 hadi 18, na kwamba nikitapika mfululizo niende hospitali bila kusubiri, kwani ukosefu wa vitamini B1 unaweza kuudhuru ubongo ndani ya wiki chache. Pombe, kwa wanaoitumia, hupanda kichwani upesi na kwa kiasi kidogo. Onyo hilo nalo walilitoa, japo kwa sauti ya kupita.

Kuhusu maisha nje ya sahani, hakuna kijitabu kinachotosha na sitawadai hilo. Kula ni njia ya kukaa na watu, na anayemaliza baada ya vijiko vitano huonekana kama anayesusa. Kuna walionipongeza hadi nikaona haya, kana kwamba yule wa kilo 131 hakuwa mimi. Kuna ngozi iliyobaki ikining'inia mikononi na tumboni, ambayo haiondoki kwa mazoezi. Na kuna jioni ambazo uchungu wa siku hutafuta mahali pake pa zamani pa kutulia, ukakuta mlango umefungwa. Kikundi cha wagonjwa kilichoahidiwa kwenye kifurushi kilikutana mara mbili, kisha mratibu wake akahamishwa, nasi tukatawanyika.

Baada ya mwezi wa sita simu za kliniki zilikoma. Miadi ya mwezi wa tisa iliahirishwa mara mbili, na ile ya mwaka nilipewa dakika kumi, nikapimwa uzito, nikapongezwa. Ninawalaumu kwa hili kuliko yote, kwa sababu si siri ya kitaalamu kwamba kazi ngumu huanzia hapo. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza kuandikisha watu mwaka 1987, ambao matokeo yake ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopasuliwa walikufa kwa uchache kuliko wenzao wa kulinganishwa nao, ulionyesha pia kwamba uzito hufika chini kabisa karibu na mwaka wa kwanza na kisha sehemu yake hurudi. Njaa yangu ilirudi mwezi wa 14, si kali kama zamani, lakini ilirudi, na nimeongezeka kilo nne tangu wakati huo. Sasa nina kilo 93. Kisukari kimetulia bila dawa na kwa shinikizo la damu natumia kidonge kimoja badala ya vitatu, jambo ambalo silisemi kwa wepesi hata kidogo.

Nikipewa kalamu ya kutoa alama, maandalizi nayapa tisa kati ya kumi, upasuaji tisa, na ufuatiliaji nne, tena kwa sababu ya miezi ile sita ya mwanzo. Ningerudia upasuaji huo kesho. Ningerudi hospitali ile ile? Ndiyo, lakini ningeomba nionyeshwe kwa maandishi tarehe za vipimo vya damu za miaka miwili, jina la mtaalamu wa lishe atakayekuwepo mwaka wa pili, na ratiba ya vidonge yenye saa zake, kisha ndipo nitie sahihi. Ratiba niliyo nayo sasa nimeichora mwenyewe na kuibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo: chuma alfajiri, kalsiamu mchana na usiku.